Maiti wa Tatu Kutoka Kushoto

Nilikuwa maiti.
Si yule wa kwanza, huyo ni Mfaume, mwenye jina kwenye bango.
Mimi ni wa tatu kutoka kushoto, dakika ya arobaini na moja,
mwaka elfu mbili mia moja sabini na mbili,
ukingoni mwa Shimo la Mungu, hapahapa Newala,
kifudifudi, deraya yangu mipira ya baiskeli.

Nililipwa elfu saba na sahani ya ugali wa muhogo.
Siafu hawakulipwa kitu, ila walikula.

Filamu ilionyeshwa ghalani kwa ushirika,
korosho zimekwisha kwenda mnadani,
sakafu bado inanuka magunia.
Shuka nne za hospitali zimeungwa kwa mkono,
mshono unapita katikati ya uso wa kila jemadari.

Vikaja vita vya kesho,
vikaja na bunduki za miali,
na ghala zima likaangua kicheko
maana bunduki tuliijua: bomba la mzee Chilumba
la kupulizia salfa, limepakwa rangi ya fedha,
mkanda wa mgongoni ni uleule, na fundo lake la mwaka juzi.
"Chilumba! Mikorosho ina ubwiri unga, wewe unapigana na nani?"

Kisha moshi wa njano ukajaa shukani.
Kicheko kikaanza kukohoa.
Aliyewahi kupuliza bila kitambaa puani
alijishika kifua, gizani, bila kuambiwa.

Nikatokea mimi.
Kidole gumba cha mguu kikacheza (siafu),
mtoto mmoja akapaza sauti: "Maiti anajikuna!"
Wakacheka. Nami nikacheka.
Mama alivuta upindo wa kanga mpaka machoni.
"Inuka hapo," akasema,
nami nimekaa ubavuni mwake natafuna karanga.
Hakuwa anaongea na mimi wa kwenye benchi.

Dakika saba kabla ya mwisho jenereta likazima.
Nusu ya watu wakajiendea.
Mpaka leo sokoni wapo wanaoapa vita vile havikwisha,
na sisi tuliosubiri petroli tunasema viliisha,
viliisha kwa kuchoka tu, hakuna aliyeshinda,
wala hatuelewani.

Mzee Mnyachi, aliyerudi Kagera na sikio moja:
"Vitani hakuna hotuba ndefu vile.
Vitani watu wanaharisha. Sijaona hata mmoja."
Mwalimu Nandonde akasema imeiga ya wageni,
kisha akasema ni yetu, tuitunze,
kisha akaomba aongezewe muda.
Vijana wa bodaboda walitaka miali zaidi, na busu.
Shehe aliuliza jambo moja tu:
katika mwaka huo, adhana imekwenda wapi?

Bi Somoe akasimama.
Bi Somoe amevuka Ruvuma mara mbili,
mara ya kwanza mgongoni mwa mama yake,
mara ya pili akiwa na wajukuu.
"Yule mama anayekimbia na sufuria kichwani,
nani kamfundisha? Mimi nilibeba mlango."

Mlango?

"Mlango. Ulikuwa uani, unangoja bawaba.
Nyumba ikashika moto, mlango ukabaki.
Nikasema, huko niendako nitautafutia nyumba."

Dadi Namkulya, mwenye filamu yake,
alikuwa ameandika kila kejeli daftarini, hata ile ya kidole.
Hapo kalamu ilikaa.

Jana amekuja kwetu na mlango wa mninga
aliouazima shule ya msingi, stoo ya majembe.
Ile sehemu itapigwa upya, anasema.
Sufuria imefutwa.
Maiti wa tatu afufuke, ana mabega.

Nimeujaribu kutoka barazani hadi kwenye michungwa.
Ni mzito kuliko unavyoonekana umesimama,
na kitasa kinanigonga shingoni kila hatua.
Mama aliniangalia njia nzima, mkono kiunoni.
Niliporudi akasema:
elfu saba ni ya kulala. Hii mwambie kumi.